Binti yangu anachora nyumba ile ile kila siku

Assalaam alaykum washauri,

Naandika kutoka Langoni, Lamu. Nina binti wa miaka mitano na nusu, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, na mdogo wake wa kiume aliyetimiza miaka mitatu juzi. Shida kubwa ni ya huyu wa kike.

Mwaka jana alikuwa hashikiki na kalamu. Alichora mashua, punda, shangazi yake mwenye kidole kirefu kuliko mkono, na kila kitu kilikuwa na hadithi yake. Tangu aingie PP2 anachora picha moja tu: nyumba yenye paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili, jua kwenye pembe ya karatasi na maua mawili chini. Ndiyo picha ambayo mwalimu huichora ubaoni, watoto wakainakili, na aliyeinakili sawasawa hupata vema. Nyumba yetu sisi ni ya mawe, juu ni sakafu tunakoanika nguo. Nikimwambia achore kitu kingine, ananiletea penseli: "Mama nichoree wewe, mimi sijui." Nikimchorea anafurahi, kisha kesho anarudi na ombi lile lile.

La pili ni kuandika. Jina lake analijua, lakini siku nyingine analianza kulia kwenda kushoto, na J inatazama kinyume. Asubuhi yuko shule, alasiri yuko chuoni akisoma Kurani, na babake anasema hati mbili zinamchanganya, afadhali chuo kingojee. Mimi sitaki kumtoa. Halafu maneno anayaandika anavyojua mwenyewe: "nazi" ameandika AI. Nimrekebishe au nimwache?

La tatu, mavyaa hapendi watoto wachore watu na wanyama. Wiki iliyopita aliikunja karatasi ya punda akaitupa, mtoto akalia. Namheshimu na sitaki tugombane.

Mdogo wake naye anapiga mistari tu, tena kwa mkono wa kushoto, na dada yake anamcheka kwamba anaharibu karatasi.

Nianze na lipi?

Mama wa wawili, Langoni

*

Wa alaykum salaam mama,

Anza na hilo la "nichoree wewe", kwa sababu mengine mengi yamejishika hapo. Binti yako hajasahau kuchora. Amejifunza kwamba picha ina jibu lililo sahihi, na kwamba jibu hilo liko ubaoni. Mtoto wa miaka mitano si mjinga, anatoa kile kinachopata vema. Na kila unapomchorea nyumbani unamfungulia ubao wa pili, ambao daima utakuwa mzuri kuliko kazi yake, maana mkono wako una mazoezi ya miaka mingi na wake ndio kwanza unaanza. Ndiyo maana anafurahi kisha anarudi tena.

Kwa hiyo kuanzia leo mkono wako usiguse karatasi yake. Hilo ndilo sharti moja tunalokuomba ulishike bila kulegeza. Wala usimwambie "jichoree mwenyewe" halafu ukaondoka, maana hapo anabaki peke yake na karatasi nyeupe. Akileta penseli, keti naye chini, muulize habari za kile kitu badala ya habari za picha. Akisema "nichoree punda", mwambie: "Punda gani, yule wa kubeba mawe au yule anayelala pale gatini? Amebeba nini? Mzigo umekaa mgongoni au umening'inia ubavuni? Masikio yake yanakuwaje akichoka?" Kisha: "Anza na pale unapopakumbuka vizuri zaidi." Wengine wataanza na masikio, wengine na mzigo. Acha aanze na mkia akitaka. Maswali matatu au manne yanatosha. Yakizidi anahisi anapewa mtihani.

Akikwama bado, mpeleke akakitazame kitu chenyewe kwa dakika tano. Mwache ahesabu miguu, apapase kamba ya shogi, lile tandiko la mzigo. Kama shida ni umbo, kwa mfano hajui mgongo unapinda vipi, mwonyeshe mpindo huo hewani kwa mkono mzima, au kwenye sinia la mchanga. Chukua sinia, tandaza mchanga laini mkavu wa unene wa sentimita moja hivi, usizidi, kwa sababu mchanga ukiwa mwingi kingo za mstari huporomoka na alama haionekani. Mchanga una faida ambayo karatasi haina: kosa linafutika kwa kutikisa sinia. Mtoto aliyeanza kuogopa kukosea huchora mchangani kabla hajathubutu kwenye karatasi.

Usiipige marufuku ile nyumba ya pembetatu. Kwanza, watoto wa umri huu hurudia umbo walilolimudu, na kurudia kwenyewe si ugonjwa. Pili, ukiikataa, atasikia kwamba sasa kuna jibu jingine sahihi, lako wewe, na atalitafuta. Ingia ndani ya nyumba yake. "Humu anaishi nani? Mlango unafungukia wapi? Usiku inakuwaje? Nguo zinaanikwa wapi?" Swali la nguo ndilo litakalompandisha juu darini. Kisha siku nyingine muulize habari za nyumba yenu: mtu akibisha hodi anakaa wapi kwanza? Dakani, pale kibarazani mlangoni. Akishaingia anakuta nini? Kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wapi, ngazi iko upande gani, zidaka za ukutani ziko ngapi? Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba za mawe zenye daka, kiwanda na zidaka ni sehemu kubwa ya sababu. Mtoto anayelala ndani ya nyumba kama hiyo anastahili kuichora yeye mwenyewe, kwa jinsi anavyoijua.

Na akiichora, usishangae. Kwa miaka mitano atakuonyesha nje na ndani kwa pamoja: ukuta unaonekana, na kitanda cha nyanya kinaonekana ndani ya ukuta huo huo. Mashua itakuwa na abiria wanaoonekana kupitia ubavu wa chombo, na chungu kitakuwa na samaki waziwazi. Anachora anachokijua, si anachokiona kwa jicho. Kile chenye maana kwake kitakuwa kikubwa: kidole cha shangazi kilikuwa kirefu kwa sababu, na ni vizuri kumuuliza kidole hicho kilikuwa kinafanya nini. Atavipanga vitu juu ya mstari mmoja chini ya karatasi kama ardhi, na mbingu ataiweka kama utepe juu kabisa, katikati patupu. Hayo yote ni ya umri wake. Ukisahihisha ukuta usionyeshe ndani, unamnyang'anya njia yake ya kusimulia.

Kuhusu maneno yetu mbele ya picha, wazazi wengi wema wanaharibu hapa bila kujua. "Hii ni nini?" inamwambia kwamba picha yake haieleweki. "Nzuri sana!" kila mara inamfanya achore akitafuta neno hilo, na siku usipolisema ataona amekosa. "Jua halina rangi ya kijani" inamrudisha ubaoni. Badala yake sema unachokiona: "Naona umepiga mistari mingi hapa juu, na hapa umekandamiza mpaka karatasi imekaribia kutoboka." Nyamaza kidogo. Mara nyingi hapo ndipo hadithi inapotoka, kwamba ile ni mvua, au ule ni mwendo wa boti. Kama huna la kusema, "Nieleze picha yako" inatosha.

Sasa vifaa. Usinunue kitabu cha kupaka rangi picha zilizochapwa tayari. Kinasaidia mkono kutulia ndani ya mstari, hapo hatukatai, lakini kwa mtoto ambaye tayari ameshikwa na kunakili ni kumwongezea. Nunua boksi moja la kreyoni nene uzivunje vipande vya sentimita tatu. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, hivyo vidole vitatu hulazimika kufanya kazi, na huo ndio mshiko utakaohitajika kwenye penseli. Karatasi zilizochapishwa upande mmoja zinatosha kabisa. Waombe wanaopiga fotokopi wakuwekee zilizoharibika. Katoni lililopasuliwa ni zuri zaidi kwa mkaa. Bandika karatasi ukutani kwa usawa wa kifua chake mara moja moja: akichora kwa kusimama, bega na kiganja hupata nguvu, na anaiona picha nzima. Weka kila kitu kwenye kikapu ambacho anakifikia bila kuomba. Raba iondoe kwa sasa, kwa sababu mtoto mwenye hofu atafuta mpaka karatasi ichanike.

Rangi ya maji unaweza kupika. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe viwili vya maji, kisha mimina ule mchanganyiko taratibu huku ukikoroga, moto mdogo, dakika tatu hadi tano, mpaka uwe kama uji mzito. Ukitia unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge ambayo hayavunjiki. Tia kijiko kidogo cha chumvi, acha upoe, gawa kwenye vikombe. Bizari kijiko kidogo kwa nusu kikombe hutoa manjano, mkaa uliosagwa na kuchungwa hutoa nyeusi, udongo mwekundu uliochekechwa hutoa rangi ya matofali, na kahawa nzito hutoa kahawia. Kwa joto la huko uji huu utachacha baada ya siku mbili, kwenye friji utakaa siku nne. Ukiwa mzito mno picha ikikauka inapasuka na kubanduka, ongeza maji. Bizari haitoki nguoni, na picha yake ikianikwa juani hupauka, kwa hiyo mvishe nguo kuukuu na kausheni kivulini. Brashi ni mswaki wa mti uliopondwa ncha. Jambo moja tu tunakuonya: usitumie piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia, hata kidogo, ati kwa kuwa nyeusi yake ni nzuri. Dawa iliyomo inaweza kuunguza ngozi ya mtoto. Hina ya majani matupu haina shida hiyo.

Tuje kwenye kazi ambayo tungependa uifanye naye kwanza, kwa sababu inaunganisha picha na maandishi na hakuna ubao unaoweza kumpa jibu lake: atengeneze kanga yake. Mpe kanga yako aitandaze sakafuni aitazame vizuri. Ana sehemu tatu za kutaja: pindo, mji na jina. Apite na kidole pindo zima, aone umbo gani linajirudia. Kisha mpe karatasi ya A4, ilazwe. Akunje kila ukingo ndani kwa upana wa vidole vyake viwili halafu aifungue. Alama za mikunjo zimemgawia pindo na mji, na wewe hujapiga mstari hata mmoja.

Siku ya kwanza afanye pindo tu. Achague kitu kimoja chake, iwe tone, jani, wimbi, dirisha, aliteremshe na kulizungusha karatasi nzima. Usimwambie kwamba hili ni zoezi la kuandika, ingawa ndilo hasa: mawimbi, vitanzi na mikato ya kurudiarudia ndiyo mizunguko ya mkono inayojenga herufi, na hapa anaipiga kwa hiari yake kuliko kwenye ukurasa wa nukta za kuunganisha. Akichoka upande wa tatu, ni sawa, kanga inangoja. Siku ya pili mji: chochote anachotaka kiwe katikati. Siku ya tatu jina. Mwambie kanga ya watu ina maneno ya watu, hii ni yake, inasema nini? Ngoja. Watoto wa umri huu husema mambo kama "Leo sitaki uji" au "Mimi najua kufunga mlango". Andika neno kwa neno kwenye kikaratasi cha pembeni, bila kulipamba liwe methali, mwonyeshe kwa kidole unavyosoma, kisha yeye aamue: atalinakili chini ya mji, au ataandika anavyojua mwenyewe, au utakibandika kikaratasi chako. Njia zote tatu ni sawa.

Kanga huuzwa doti. Akitaka kutengeneza ya pili inayofanana na ya kwanza, mwache. Kunakili kazi yake mwenyewe ni tofauti kabisa na kunakili ubao, maana hapo anajitazama yeye alivyoamua.

Maneno yake yaandike kama anavyoyasema. Akisema "mato yake makubwa", andika mato. Shuleni atakutana na macho, na atayajua yote mawili bila shida. Ukimbadilishia neno analoona likitoka kinywani mwake, atagundua kwamba maandishi hayasemi alichosema, na mtoto akishaamini hivyo hukosa sababu ya kuandika.

Na hiyo AI yako! Tungependa uitazame tena. Na-zi ina silabi mbili, naye ameandika herufi mbili, na kila moja ni sahihi kwa silabi yake. Amesikia irabu kwanza kwa sababu katika Kiswahili karibu kila silabi inaishia kwa irabu inayosikika wazi. Hii ni hatua kubwa; kabla yake watoto huandika herufi zozote wanazozijua, nyingi zikiwa za jina lao wenyewe. Baada yake utaona NZ au NAI, kisha NAZI. Usimwandikie herufi nyekundu juu yake. Msome anachosema: "Umeandika nazi. Nasikia a, nasikia i." Kisha, wakati mwingine kabisa na si juu ya picha yake, mchezee mwanzo wa neno kwa kuuvuta: nnnn-azi. Anza na sauti zinazovutika, n, m, s, z, f, l, kwa maneno kama saa, mama, feni, limau. Sauti za b, t, k na p hazivutiki, ukizilazimisha unapata "ba-a", na mtoto anaandika irabu tena. Jambo moja kwa siku linatosha.

Angalia pia herufi anafundishwa kwa majina gani. Shuleni wengi huzitaja kwa majina ya Kiingereza, ambapo E huitwa "ii" na I huitwa "ai". Mtoto akiandika NAZE akimaanisha nazi, ametumia jina alilofundishwa. Nyumbani zitaje irabu kwa sauti zake za Kiswahili, a e i o u, ambazo hazibadiliki popote. Baadaye utamwona akiandika BUZI kwa mbuzi na GOBE kwa ng'ombe. Sauti ya puani iliyoungana na nyingine ni ngumu kusikika peke yake, nayo huja polepole.

Mpe sababu za kweli za kuandika. Orodha ya soko ni bora kuliko daftari. Aandike vitu vitatu anavyojua, nendeni nayo sokoni, umuulize hapo mbele ya muuzaji, "Tulisema nini cha pili?" Aliyeandika ndiye anayesoma. Aandike kibao cha kitanda chake, au barua ya binamu aliye Mokowe ambayo itavuka kweli kwa boti. Jina lake liandike kwa herufi kubwa mwanzo tu na ndogo zinazofuata, kwenye kadi ngumu ya upana wa kiganja chake, ili asije akazoea kuandika lote kwa herufi kubwa na kulazimika kuanza upya darasa la kwanza.

Sasa babake na hati mbili. Mwambie asimtoe chuoni kwa sababu hii. Watoto wanaosoma hati moja tu nao hugeuza herufi, na hilo huonekana sana mpaka kama miaka saba. Tangu kuzaliwa mtoto amejifunza kwamba kikombe ni kikombe, mkono wake ukitazama kulia au kushoto. Herufi ndiyo kitu cha kwanza katika maisha yake kinachobadilika kwa kugeuzwa, kwa hiyo akili inahitaji muda kuiacha kanuni ya zamani. Herufi na tarakimu zinazotazama kushoto, kama J, Z, 3 na 7, ndizo zinazogeuzwa zaidi, ndiyo maana J yake inakusumbua. Kinacholigeuza jina zima mara nyingi ni mahali alipoanzia: akianza ukingo wa kulia hana nafasi, anarudi nyuma na kila herufi inageuka naye. Dawa ni ndogo. Kwenye karatasi ya shule aweke nukta ya kijani upande wa kushoto kabla ya kuandika. Kwenye kazi ya chuo aiweke upande wa kulia. Na useme waziwazi: "Alif, be, te zinaanzia hapa, jina lako la shule linaanzia hapa." Mtoto wa miaka mitano anaelewa kwamba nyumba mbili zina milango pande tofauti. Lamu Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na watu wamezisoma hati zote mbili bila kudhurika.

Kuhusu mavyaa, hukumu ya kuchora viumbe hai si yetu kutoa. Muulizeni ustadh mnayemwamini, yeye mavyaa akiwepo, ili neno moja lishikwe na nyumba nzima. Letu ni la upande wa mtoto. Nyumba ikiamua kuepuka watu na wanyama, bado amebakiwa na mengi: mashua na matanga yake, milango na nakshi zake, minazi, taa, kofia za vito, ramani ya njia ya kwenda chuoni, kanga. Nafsi yake inaweza kuonekana kwenye umbo la kiganja chake alilolizungushia penseli na kulijaza maua ya hina aliyoyabuni. Ombi moja kwa mavyaa, na ni vizuri aliseme mwanawe badala yako: mipaka aambiwe mtoto kabla hajachora, na picha iliyokwisha kuchorwa isitupwe mbele yake. Mtoto hawezi kutenganisha karatasi na nafsi yake katika umri huo. Pengine mavyaa mwenyewe ndiye wa kumfundisha kutazama mapindo. Nani nyumbani anazijua kanga kumzidi?

Mdogo wake haharibu karatasi. Rhoda Kellogg, mwalimu wa chekechea wa San Francisco aliyekusanya zaidi ya michoro milioni moja ya watoto, alitambua alama 20 za msingi ndani ya mikwaruzo ya namna hiyo, kuanzia nukta mpaka miduara, na hizo ndizo zinazoungana baadaye kuwa watu na mashua. Kwa sasa mstari wake ni mwendo: akipiga duara na kunguruma, hilo ni boti linalokwenda, wala halitakiwi kufanana na boti. Mpe karatasi yake kubwa iliyobandikwa sakafuni kwa selotepu pembe nne, mbali na ya dada yake, na dada apewe kazi ya kusikiliza boti linakwenda wapi. Mkono wa kushoto usimbadilishe kwa kalamu. Kula na kupokea kwa kulia afundishwe kama kawaida, hivyo ni adabu. Kuandika ni namna ubongo wake ulivyojipanga. Karatasi yake iinamishwe kichwa kuelekea kulia kidogo, na ashike kalamu sentimita mbili au tatu juu ya ncha ili aone anachoandika.

Kwa mwalimu nenda na heshima, ana watoto wengi na ubao ndio unaomsaidia kuwatuliza. Usimwambie anakosea. Mpelekee kanga ya binti yako, kisha omba mambo mawili: picha zisitiwe vema wala kosa, na badala ya kuchora ubaoni, siku moja kwa wiki awape watoto swali, mfano "Leo umeamka ukaona nini kwanza?" Swali halihitaji matayarisho, na watoto wote wanaweza kulijibu kwa wakati mmoja.

Mpe binti yako miezi miwili. Kila wiki weka picha moja anayoichagua yeye, iwe na tarehe nyuma. Nyumba ya pembetatu itaonekana bado, lakini utaona vitu vikiingia humo. Mpeleke akaangaliwe hospitalini kama analeta karatasi karibu sana na macho au anakunja uso kutazama ubao, kama mkono unatetemeka au unauma baada ya dakika chache, au kama aliacha kuchora na pia akaacha kucheza na kuzungumza ghafla. Akifika miaka saba na nusu na bado anageuza herufi nyingi, huku hasikii tofauti ya sauti za mwanzo wa maneno kama pata na bata, hapo naye anahitaji kupimwa, na muanze na masikio.